Madhara Hutangulia, Nafuu Hufuata

Mume wangu ni fundi cherehani hapa Nakuru, na kitu cha kwanza ambacho dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, ilimnyang'anya ni tundu la sindano. Anaketi kwenye mashine yake mlangoni pa duka, mwanga wote wa asubuhi uko mbele yake, anashika uzi, anailamba ncha ili ichongoke kama alivyofanya maisha yake yote, na ulimi hauna mate. Anajaribu hivyo hivyo na uzi mkavu. Ncha inapita kando ya tundu, inarudi, inapita kando tena. Mwanamume aliyekuwa akitunga uzi huku akibishana siasa na wateja sasa anamwita kijana wa duka la pili aje amtungie, na anamwita kwa sauti ya chini.

Alikuwa amepewa amitriptyline, miligramu 25 kila usiku, kisha ikapandishwa polepole hadi 75. Ni dawa ya zamani, watu wameitumia tangu miaka ya 1960, bei yake haitishi na hospitali nyingi za umma huwa nayo. Pamoja na kazi yake kwenye ubongo, huzuia pia ishara za neva zinazoendesha mate, haja kubwa, mkojo, na ule uwezo wa jicho kujirekebisha linapotazama kitu cha karibu. Kwa mtu anayelima, kutoona vizuri kilicho karibu na pua si neno. Kwa fundi wa nguo ni unga wa watoto.

Jambo ambalo ningependa kila mke na kila mume aambiwe kabla hata ya kuondoka dirishani na pakiti ya dawa ni hili: madhara hutangulia, nafuu hufuata. Mdomo wake ulikauka siku za mwanzo kabisa. Moyo ulianza kuchangamka wiki kadhaa baadaye. Kwa wengi huchukua wiki mbili hadi nne, wengine hata sita. Katika muda huo wa kati mgonjwa anabeba ugonjwa wake wote pamoja na taabu mpya za dawa, halafu anakuuliza wewe, "Mama Junior, hivi hii dawa inanisaidia nini hasa?" Nawe huna la kumwonyesha. Wengi huiacha hapo. Wangu pia alitaka kuiacha hapo.

Mimi si muuguzi. Nauza mboga. Lakini nilijipa kazi moja, nayo ni kutenganisha. Kila kipya nilichokiona kwake nilijiuliza: hiki ni cha dawa, ni cha ugonjwa, au ni cha mwenyewe? Kuamka saa tisa za usiku na kukaa akitazama dari kulikuwepo kabla ya kidonge chochote. Huo ni ugonjwa. Kukawia chooni hadi majirani wa ploti wanagonga mlango, hiyo ni dawa. Kununa nikimwambia akaongee na mwenye nyumba kuhusu kodi, hiyo ni tabia yake tangu tuoane, hakuna kidonge kilichoileta wala kitakachoiondoa. Usipotenganisha, utamlaumu mtu kwa kosa la kidonge, au utakilaumu kidonge kwa kazi ya ugonjwa, na njia zote mbili huishia dawa ikitupwa.

Basi nyuma ya daftari lake la vipimo, upande ambao wateja hawaufungui, nikawa naandika. Lini limeanza, saa ngapi baada ya kumeza, linazidi au linapungua. Tulipoenda kliniki, daktari alilisoma lile daftari kuliko alivyotusikiliza sisi. Mgonjwa wa sonona akiulizwa "Unaendeleaje?" hujibu "Naendelea vizuri tu, daktari", kwa adabu, na mazungumzo yanaishia hapo.

Mambo mengine tuliyamaliza jikoni. Kwa tumbo kufunga, mimi natoka upande wa magharibi na huko hakuna asiyejua mrenda. Mrenda kwa ugali wa wimbi, papai asubuhi, maji mengi kuliko alivyozoea, na matembezi hadi dukani kwa miguu badala ya boda. Haikutatua yote, ila tuliachana na vile vidonge vya kulainisha choo alivyokuwa ananunua kimyakimya. Kwa mdomo mkavu alianza kufyonza peremende mchana kutwa, nikamkataza, kwa sababu meno yasiyo na mate huoza upesi na sukari inayaongezea. Chupa ya maji ikakaa kando ya mashine, anakunywa funda moja moja.

Kizunguzungu ndicho kilichonitisha. Amitriptyline hushusha presha mtu anaposimama ghafla, na choo chetu kiko nje, upande wa pili wa uwanja wenye mawe. Usiku mmoja alisimama kutoka kitandani na nikamsikia akijigonga kabatini. Kuanzia hapo ikawa sheria ya nyumba: kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, hesabu pole pole, ndipo usimame. Na ndoo ikaingia chumbani. Alilalamika kwamba ndoo ni ya wagonjwa. Nikamwambia, "Baba Junior, afadhali ndoo kuliko plasta."

Unene ulikuja bila kelele. Dawa hii huamsha hamu ya vitu vitamu. Mtu ambaye miezi kabla hakuweza kumaliza nusu bakuli la githeri sasa alikuwa anaulizia mandazi saa nne usiku. Nilifurahi, siwezi kusema uongo, kumwona anakula. Lakini jioni moja nilimkuta dukani amevua suruali, amejifunga leso yangu kiunoni, anafumua mshono wa nyuma wa suruali yake mwenyewe ili aipanue. Alifanya kazi hiyo kwa ustadi wake wote, akapiga pasi, akaivaa, hakusema lolote. Wateja wake wanene huwatania vizuri sana. Yeye mwenyewe hakujitania.

Kuna jambo la kuficha dawa ambalo lazima nilitaje, ingawa ni zito. Siku ya kwanza daktari alimuuliza kama amewahi kufikiria kujiua. Mzee alitazama mlango. Wakati huo, mwaka 2024, kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu kilikuwa bado kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na watu waliogopa kujibu swali hilo hata mbele ya daktari. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, nami nilishukuru kuliko wanavyojua mawakili. Siku ile alijibu hatimaye, kwa kichwa tu. Daktari akanigeukia mimi, akasema vidonge vikae kwangu, visiwe vingi nyumbani kwa wakati mmoja, kwa sababu amitriptyline ikizidishwa huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuua. Basi nilikuwa nampa cha usiku huo, mkononi, na maji. Wiki za kwanza ndizo za kuwa macho zaidi, kwani mwili unaweza kupata nguvu kidogo kabla huzuni haijaondoka. Hakupenda kupewa dawa kama mtoto. Nikamwambia ni amri ya daktari, si yangu, na kusema kweli nilishukuru kuwa na mtu wa kumsingizia.

Krismasi tulienda kwao Butula. Nakuru iko juu, mbu wetu hawana makali, lakini Busia ni nchi ya malaria, na huko mtu akitoa jasho tu kila mtu tayari ni daktari. Tulikuwa tumepata dawa pungufu kabla ya kusafiri. Dirishani tuliambiwa zilizobaki ni hizo, turudi baada ya sikukuu. Zikaisha tukiwa kijijini. Siku mbili hivi baadaye mzee akaanza: kichefuchefu, jasho la usiku, mwili kuuma, ndoto za kutisha, hasira za ajabu. Mama mkwe akasema malaria. Shemeji akasema malaria. Kabla ya chai kupoa, kijana alikuwa ameshatumwa dukani kwenda kununua Coartem.

Niliomba kwa heshima. "Mama, tumpime kwanza." Kumwambia mama mkwe hivyo mbele ya jamaa nzima ya Krismasi si kazi rahisi, na alinijibu kwamba yeye amelea watoto saba bila kipimo. Lakini alikubali. Tulienda zahanati, wakatoboa kidole, kile kipimo cha haraka kikaonyesha mstari mmoja tu. Hakuna malaria. Yule mhudumu, kijana mpole kweli, akauliza kama kuna dawa nyingine anayotumia. Nikafungua kitambaa nikamwonyesha pakiti tupu. Akakaa vizuri. Alieleza mambo mawili ambayo nayaandika hapa kwa sababu magharibi mwa Kenya yanakutana kila siku bila watu kujua. La kwanza, amitriptyline ikikatwa ghafla baada ya kutumiwa kwa wiki nyingi, mwili unaidai: kichefuchefu, jasho, usingizi kuvurugika, mwili kuuma kama homa. La pili, dawa ya malaria tuliyotaka kununua ina lumefantrine, ambayo huzuia kimeng'enya, yaani kitu cha mwili ndani ya ini, kinachovunja amitriptyline, na zote mbili zinaweza kugusa mwendo wa umeme wa moyo. Mtu mwenye malaria kweli lazima atibiwe, haraka, malaria inaua. Ila anayemtibu lazima ajue mgonjwa anameza nini kingine, ili achague na amwangalie ipasavyo. Tangu siku hiyo jina la dawa yake limeandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa nyuma ya kitambulisho chake.

Mama mkwe hakuomba msamaha, na sikuutarajia. Ila jioni alileta jirani yake mmoja, nyanya mwenye ugonjwa wa sukari, akanionyesha pakiti yake. Dawa ile ile, kidonge kile kile, amepewa kwa ajili ya miguu inayowaka usiku. Maana amitriptyline hutumiwa pia kwa maumivu ya neva, kwa kiasi kidogo zaidi. Wakakaa pale wawili, mzee wangu na yule nyanya, wakilinganisha nani mdomo wake umekauka zaidi. Nilimwona akicheka. Kule nyumbani kwao, dawa ya akili ni aibu. Dawa ya miguu ni dawa. Sijui kama nilisaidia au niliharibu kwa kunyamaza, lakini nilinyamaza.

Tuliporudi Nakuru daktari alisoma daftari, akamtazama macho, akauliza kazi yake ni ipi. Alipojua ni cherehani alisema tubadilishe. Hawakubadilisha kwa usiku mmoja. Amitriptyline ilishushwa taratibu, kisha ikaingia fluoxetine, miligramu 20. Kuzichanganya ovyo ni hatari kwa sababu fluoxetine hupandisha kiwango cha amitriptyline mwilini.

Macho yakarudi. Mate yakarudi. Yakaja mengine. Tumbo lilimchafuka siku za mwanzo, mikono ikawa inatetemeka kidogo asubuhi, si ya kuonwa na mteja lakini chaki ya kuchorea kitambaa inaijua. Mstari uliokuwa umenyooka ukawa na mawimbi. Akahamisha kazi ya kukata hadi alasiri na asubuhi akawa anapiga mishono mirefu tu. Usingizi ukakatika, mpaka tukaambiwa dawa hii imezwe asubuhi baada ya chai, si usiku kama ile ya kwanza. Hayo yalipungua yenyewe, moja baada ya jingine.

Sasa nije kwenye lile ambalo wanawake wenzangu huniuliza wakiwa wameshusha sauti. Chumbani. Hamu ilikwenda, na hata siku ilipokuwepo, shughuli haikufika mwisho, mpaka wote wawili tunachoka na kila mmoja anageukia ukuta wake. Wifi yangu alishaamua zamani kwamba mume wangu ana mwanamke mwingine. Mume wangu mwenyewe alishaamua kwamba uanaume umekwisha. Kila nguzo ya stima hapa mjini ina karatasi ya daktari wa kutoka mbali anayerudisha nguvu za kiume, mume aliyepotea na ng'ombe walioibwa, vyote kwa namba moja ya simu, na nilikuta mojawapo ya karatasi hizo mfukoni mwake nilipokuwa nafua. Unga usiojulikana una nini, juu ya dawa ya ubongo. Hapana.

Sikumuuliza nyumbani. Nilingoja kliniki. "Daktari," nikasema, "kuna jambo la chumbani." Mzee akatazama viatu vyake. Daktari hata hakuinua kichwa kutoka kwenye faili, akauliza kwa sauti ile ile ya kuuliza kama anakula vizuri: ilikuwaje kabla hajaugua? Na alipougua, kabla ya vidonge? Nikaona anauliza swali langu lile lile. Kwa sababu sonona yenyewe huua hamu, na sukari na presha pia huleta shida hiyo, akaagiza avipimwe vyote viwili. Vikatoka safi. Akasema dawa za kundi hili, zinazoongeza serotonini, kemikali ya kupeleka ishara kwenye ubongo, huchelewesha mwisho kwa wanaume na kwa wanawake, ni la kawaida sana, na wagonjwa wengi hawasemi. Halafu akamgeukia mzee, akamwambia polepole: "Hii ni dawa. Si wewe, na si mama." Njiani kurudi tulitembea hadi karibu na stendi bila neno. Kisha akasema, "Kumbe hata wanawake." Hilo ndilo lililokuwa limemkaa.

Njia zilikuwa kadhaa: kungoja, kwani wengine hupata nafuu kadiri muda unavyokwenda, kupunguza kiasi, kubadilisha dawa tena, au daktari kuongeza dawa nyingine ya kusaidia, baada ya kuangalia moyo na presha. Tulichagua kungoja. Kichwa chake kilikuwa kimetulia, alikuwa ameanza kuimba kanisani tena, na hakuna kati yetu aliyetaka kukigusa. Hamu imerudi kiasi. Mwisho bado unachelewa siku nyingine. Kilichobadilika zaidi ni kwamba tunalizungumza, tena kwa mzaha, na ile karatasi ya nguzo nimewashia jiko. Kama wewe huwezi kulisema mbele ya daktari na mumeo au mkeo akiwa ameketi hapo, liandike kwenye kikaratasi umpe. Wanavipata vingi.

Neno moja kuhusu mgongo, kwani mafundi wote wa cherehani wana mgongo. Alizoea kununua diclofenac, dawa ya maumivu, dukani kama watu wanavyonunua viberiti. Binti mmoja wa duka la dawa, Mungu ambariki, alimuuliza anatumia nini kingine, na alipotaja fluoxetine akairudisha ile pakiti kwenye rafu: zikienda pamoja, tumbo huweza kutoka damu kwa urahisi zaidi. Akamwonya pia kuhusu tramadol, dawa nyingine ya maumivu, maana ikikutana na dawa za kundi hili serotonini inaweza kuzidi mwilini, mtu akatetemeka, akapata joto kali, akachanganyikiwa. Sasa ni panadol, kitambaa cha maji moto, na kiti chenye egemeo alichokinunua baada ya kunung'unika bei kwa muda mrefu.

Leo mzee yuko vizuri. Anatunga uzi mwenyewe, na siasa amezirudia kwa nguvu zote. Shida mpya ni kwamba kwa kuwa amepona anataka kuacha. Tumeelezwa kwamba dawa huendelea miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, kisha hushushwa polepole kwa muda usiopungua wiki nne, huku tukiangalia kama ugonjwa unachungulia tena. Yeye alitaka kuanza kushusha Desemba, shule zikifungwa, kabla ya kwenda Butula. Nikakataa. Kuna Krismasi, kuna mama mkwe, halafu kuna Januari, mwezi wa sare za shule, wazazi wamejaa mlangoni kila mmoja anataka sketi yake kesho asubuhi na analala dukani nusu ya usiku. Tukabishana hadi kliniki. Daktari alisikiliza pande zote mbili, akaandika Februari, na apimwe kwanza. Mzee amekubali shingo upande.